Raba Zako Nimezificha

Baba Nyatichi,

Ugali na mboga ya managu nimefunika kwa sufuria. Ndama akilia, mpe maji. Nimekwenda sokoni Chepilat, nitarudi saa kumi.

Raba zako za kukimbilia usizitafute. Nimezificha. Asubuhi ulirudi kutoka mbio zako ukakaa hapa na kikombe. Ukalala macho wazi, chai ya moto ikakumwagikia mapajani, na hukushtuka. Nilikuita mara tatu. Ulipoamka uliniuliza kama mtihani umeisha.

Vitabu vya digrii vilivyokuja kwa posta sijagusa. Hiyo digrii hata mimi naitaka. Lakini kusoma, kukimbia na kazi ya kiwanda cha chai, yote matatu kwa mwili mmoja? Mashindano ya mbio yatakuja tena mwaka ujao.

~~Leo usiende kazini.~~ Najua utaenda tu. Basi mwambie msimamizi akuweke kwa mizani, si kwa ile mashine ya kusaga majani. Raba naweza kuficha, mashine siwezi.

Jirani yetu Kepher alisinzia hapo kwenye mashine mara moja tu. Jana kanisani alinisalimia na mkono wa kushoto, akaniomba msamaha.

Mama Nyatichi