Mchicha wa Uani, Al Hail

Al Hail, Masikati
Jumatano, Novemba 1998

Mama Wakesho mpendwa,

Nasir, mtoto mkubwa wa nyumba ninamofanya kazi ya udereva, alitangaza leo asubuhi kwamba fundi wa saruji atafika hapa Jumamosi saa mbili. Uwanja wote wa nyuma utafunikwa, pawe mahali pa kuegesha gari lake la pili. Ametoa nafasi moja tu. Keshokutwa, Ijumaa, mama yake, Bi Zuwena, apike mchicha wa tuta langu, na uwatoshe watu kumi wanaokula kwake kila Ijumaa. Usipowatosha, kesho yake ni saruji.

Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo jipya. Sasa nakusalimu. Mimi ni mzima, na lile jino lililonisumbua liling'olewa mwezi wa tisa bila matata. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua za vuli zimefika huko Wundanyi, au bado mnaangalia mawingu? Wakesho aliandika kwamba amepanda nafasi darasani lakini hakutaja ni ya ngapi, kwa hiyo nakuomba wewe uitaje.

Najua umesoma maneno "tuta langu" mara mbili. Nikueleze yalivyotokea.

Mwezi wa pili Bi Zuwena aliniuliza kama kwetu ni wakulima. Nikajibu ndiyo. Hilo ni kweli. Sikumwambia kwamba mkulima ni wewe, na kwamba mimi jembe nililikimbia nikiwa na miaka kumi na sita. Yeye alizaliwa Tabora, akaja Omani mtu mzima, na kila akiona mboga za dukani hulalamika. "Hizi za friji mimi nnakula basi tu," aliniambia. "Nnataka mchicha, mwanangu. Ule wa kuchuma asubuhi ukala mchana." Ndiyo sababu nilikuomba mbegu, nawe ukanitumia zile ulizokunja kwenye karatasi ya daftari.

Nilizipanda mwezi wa tatu. Ungekuwepo ungenishika mkono. Lakini nilihesabu kwa kalenda yetu: masika yanakuja, watu wanapanda. Hapa hakuna masika. Mwezi wa tatu hapa ndipo wenyeji wanapomalizia kuvuna, na joto linalofuata linapasua hata ndoo za plastiki. Nilichimba kina cha kiganja, nikachanganya samadi ya mbuzi iliyotoka zizini siku hiyohiyo, nikamwagilia maji ya kisima saa sita mchana ili mimea isione kiu.

Ng'ambo ya ukuta kuna mtunza bustani wa jirani, Rafiq, mtu wa Bangladesh. Tunazungumza Kiarabu cha kazini, kila mmoja na chake. Alinitazama siku tatu. Baadaye alikiri kwamba alidhani nimepewa adhabu.

Mbegu ziliota. Mwisho wa mwezi wa nne miche ilikuwa na urefu wa shibiri moja, na juu ya kila mmoja palikuwa na maua. Nikafurahi. Nikamwita Bi Zuwena aje aone, na Nasir akatoka nyuma yake.

Bi Zuwena aliinama, akashika mche mmoja, akaniangalia. "Mwakio, kwenu nyinyi mlikuwa mkila maua?"

"Hapana, Bibi."

"Basi unafurahia nini? Mchicha ukishatoa maua ushakwisha. Huu umezeeka kabla ya kukua."

Nasir alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Mama, mkulima wako huyo! Wallahi, hata gari ningempa kwa wasiwasi."

Hapo nilimweleza Bi Zuwena ukweli, kwamba mkulima wa nyumba yetu ni mke wangu. Hakukasirika. Alisema nilipaswa kusema tangu mwanzo, naye angeniagiza nimlete mke. Kisha akaniamuru nikaushe yale mashuke, niyapure, nihifadhi mbegu, maana zako zilikuwa zimekwisha zote. Nasir alitaka saruji wiki ileile. Mama yake akamwambia angoje mpaka joto lipite na watu wapande kwa wakati wake. "Ukishindwa tena," akanigeukia, "basi nami sina la kumjibu."

Kiangazi kizima nilitengeneza udongo. Nakuandikia kwa kirefu ili unisahihishe. Siku nisizokuwa na safari nilichimba kwa sururu mpaka magotini. Chini ya mchanga kulikuwa na kifusi cha wajenzi: mabonge ya saruji, vigae, nondo mbili, na kiatu kimoja. Nilikitoa chote, nikauchekecha mchanga kwa wavu wa dirisha. Rafiq aliruka ukuta, akachovya kidole kwenye maji ya kisima chetu, akalamba, akatema. Chumvi. Bahari iko karibu mno. Akanionyesha utando mweupe juu ya tuta la kwanza, ambao mimi nilidhani ni vumbi la chokaa. Tangu siku hiyo natumia maji ya bomba, alfajiri na jioni tu.

Samadi ya pili niliilaza kivulini miezi mitatu, nikaifunika kwa magunia yaliyoloa na kuigeuza kila wiki, mpaka ikawa nyeusi na haichomi mkono. Rafiq akashauri niongeze dagaa wakavu waliosagika, kama wafanyavyo wenye mashamba ya mitende. Niliongeza wengi mno. Paka wa mtaa mzima walihamia kwetu, na Nasir alitoka nje ameziba pua kwa kilemba.

"Mama, nyumba inanuka!"

"Dagaa hao si ndio unaowala kwa ndimu?" Bi Zuwena akamjibu kutoka jikoni. "Leo unawakimbia?"

Nilipanda katikati ya mwezi wa kumi. Nilichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisiangukie mahali pamoja, nikazifunika kwa udongo mwembamba tu, na juu yake nikaweka makuti kwa siku nne. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba mbegu hizi ni watoto wa ile michicha iliyotoa maua mapema. Nilidhani huenda wamerithi haraka ya mama zao. Kila alfajiri nilikagua mche mmoja mmoja. Leo ni wiki ya sita. Majani ni mapana kama kiganja changu. Maua nimeyaona kwenye miche miwili pembezoni, nikaing'oa.

Kama utawatosha watu kumi, sijui. Wewe unajua jinsi mchicha unavyonywea sufuriani.

Nisalimie mama yangu, na umwambie kitambaa cha kichwa alichoagiza kimepatikana, cha buluu. Nisalimie kaka yako mwenye mashine ya kusaga, na jirani yetu mwalimu anayekuandikia anwani kwenye bahasha. Wakesho mwambie urefu wa sketi ya shule usipunguzwe, ushonwe kwa ndani, atarefuka bado.

Ijumaa, jioni

Barua haikuwahi posta, kwa hiyo naongeza.

Nilichuma saa kumi na mbili asubuhi. Makarai mawili makubwa yalijaa. Bi Zuwena aliupika kwa nazi, kitunguu na pilipili moja. Baada ya swala watu walifika kumi na mmoja, kwa sababu Nasir alimleta shemeji yake kutoka Al Amerat bila kusema. Mimi nilikula na Rafiq barazani, ila mlango ulikuwa wazi.

Uliwatosha. Nasir aliongeza mara mbili. Mara ya tatu alikuta sinia limekwisha, akauliza, "Mama, jikoni haukubaki?"

"Muulize mwenye saruji," Bi Zuwena akasema, na wote wakacheka, hata shemeji ambaye hakujua habari.

Walipoondoka Nasir alikuja uani peke yake. Alitembea kando ya tuta, akapima kwa hatua. Akasema gari litalala nje ya geti, kama la watu wengine. Fundi hakumwondoa. Kazi yake imebadilishwa: atajenga ukingo wa matofali kuzunguka tuta, mchanga wa barabarani usiingie, na kando yake nafasi ya tuta la pili. Bi Zuwena anataka kunde. Nitumie mbegu, na safari hii niandikie ukubwa wa shimo.

Fundi anafika kesho saa mbili. Mimi ndiye wa kumwonyesha pa kuanzia.

Mumeo,
Baba Wakesho