Nakiru Kwenye Mizani ya Viazi

Shangazi Mheshimiwa,

Mwanangu Nakiru amemaliza tu kulamba picha ya bahari ya Jeddah upande wa pili, kwa hivyo kadi ikifika imekunjamana usishangae. Ulisema apimwe kila mwezi popote nitakapokuwa, lakini hana ikama, kibali cha kuishi huku, na kliniki hawamtaki. Basi jana nilimpeleka kwa mzee muuza mboga wa hapa Bani Malik. Nilimvua viatu kwanza, vile ulitufunza ukiwa nesi wetu, nikamketisha kwenye mizani ya viazi.

"Kilo tisa," mzee akasema.

"Mtoe hiyo bilinganya mkononi, baba."

Akaitoa. Nane na nusu. Kugeuka, akina mama wengine wamepanga foleni na watoto wao.

Nasikia huko Loiyangalani bado unapima watoto kabla ya kuhutubia, na hata wapinzani wako wanaleta wa kwao. Usiache.

Sasa tuko ofisi ya ubalozi wetu tunangojea karatasi ya Nakiru ya kusafiria kuja nyumbani. Tukiipata, utampima mwenyewe useme kama yule mzee ni mwongo. Mungu akutunzie hiyo sauti na miguu ya kampeni. Nasikia wanaita jina lake dirishani, wacha nikimbie nione kama...