Nimegoma Kulipa Mkopo wa Nyumba Hadi Meneja wa Benki Aniombe Radhi

Mpendwa Mshauri,

Pole na kazi ya kusoma shida za watu. Naomba msaada wako, ingawa kusema kweli mwenye shida si mimi, ni mke wangu, na ningependa umwambie kupitia ukurasa huu kwa sababu anausoma kila wiki, na mimi nikimwambia hasikii.

Mimi ni mchoraji wa mabango, yale maandishi unayoyaona kwenye maduka, saluni na malori, nusu ya mtaa wetu imeandikwa kwa mkono wangu, na nyumba tunayokaa tuliinunua kwa mkopo wa benki, mke wangu ambaye ni mkunga mstaafu akatoa kiinua mgongo chake chote kuwa malipo ya mwanzo na mimi nikabeba rejesho la kila mwezi, na nililipa vizuri tu bila kusukumwa na mtu, mpaka siku nilipoomba taarifa ya akaunti yangu nikakuta wananikata ada ya kunitumia ujumbe wa simu, ujumbe ambao sijawahi kuupata hata mmoja kwa kuwa laini wanayoitumia niliipoteza zamani. Ni hela ndogo, sikatai, haifiki hata bei ya kopo la rangi, lakini Mshauri, wizi ni wizi.

Nikaenda. Afisa mikopo, binti mdogo anayeweza kuwa mwanangu wa mwisho, akaniambia, "Mzee wangu, wewe endelea tu kulipa rejesho, hili la ada andika malalamiko, tutalishughulikia kivyake." Kivyake! Nikamwambia, binti, kuanzia leo siweki hata senti kwenye akaunti hii hadi mnirudishie changu na meneja aniombe radhi kwa maandishi, na watu wote kwenye foleni walinisikia.

Basi nikagoma, fedha za rejesho nikawa naziweka pembeni, na wao kila mwezi wakawa wananipiga faini ya kuchelewa, nikaipinga, na faini ya akaunti kukosa salio, nikaipinga pia, mwezi mmoja wakanikata faini hiyohiyo mara mbili, nikaipinga mara mbili. Ni kweli ile ada ya ujumbe waliirudisha, lakini waliirudisha kwenye akaunti ileile ikamezwa na faini siku hiyohiyo, sasa hapo wamerudisha nini? Na barua ya radhi sijaiona. Halafu juzi wakaniletea notisi kwamba malimbikizo yasipolipwa nyumba itakabidhiwa kwa dalali ipigwe mnada, ndipo damu ikanichemka nikachukua rangi nyekundu, nikaandika ukuta mzima wa mbele, kwa kivuli cheusi na ukingo wa njano, kazi ambayo mteja angelazimika kuilipa kwa awamu: NYUMBA HII HAIUZWI. BENKI NI WEZI.

Mke wangu alikuwa hajui lolote kuhusu mgomo, sikutaka kumpandisha presha. Akarudi kutoka sokoni, akasimama nje, akasoma, akaniuliza, "Kwani nani alitaka kuinunua?" Tangu hapo amehamia chumba cha nyuma anakolala mama yake, wanapiga komeo kwa ndani, na mimi naambulia neno moja tu kwa siku, "Chakula kiko mezani," basi. Majirani wanapita wanapiga picha.

Ninachoomba umkumbushe kwamba mke husimama na mumewe wakati wa vita, na pia unishauri namna ya kumlazimisha meneja aandike hiyo radhi, maana zile fedha za pembeni nimezitumia kwa muda kununua mashine ya kupulizia rangi, na sasa hata ukuta wa benki yenyewe nauweza.

Ni mimi,
Mpenda Haki

*

Mpenda Haki,

Mkeo nimemsikia vizuri kabisa, wala hakuhitaji kuniandikia. Swali lake moja la pale nje lina akili kuliko barua yako nzima.

Nianze na pole, nikupe mapema kwa sababu sitakupa tena. Kumkata mtu ada ya ujumbe usiomfikia ni uonevu, na faini iliyokatwa mara mbili ni kosa la benki. Hapo una haki yako. Benki zinazowakata watu kimyakimya zikitegemea kwamba watachoka kuuliza, zinanichefua kama zinavyokuchefua wewe. Pole imeishia hapo.

Sasa niambie, mtu mzima wewe, nani alikufundisha kwamba ukidai senti na ukadaiwa nyumba, hayo madeni mawili yanafutana? Muuza duka akikupunja chenji ya kiberiti, utaacha kumlipa fundi aliyekuezekea paa? Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kumfokea binti wa watu mbele ya foleni.

Na huyo binti alikupa dawa siku ya kwanza, bure, tena kwa heshima, "Mzee wangu." Neno "kivyake" ndilo lililokuudhi, na ndilo neno la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Rejesho kivyake, malalamiko kivyake. Ungelifuata, leo ungekuwa na ada yako mkononi na mke wako chumbani.

Unasema fedha uliziweka pembeni. Mimi mjinga nikakuamini, nikasoma mpaka mwisho wa barua, kumbe pembeni kwenyewe ni dukani, na zimerudi nyumbani zikiwa mashine. Huo si mgomo, bwana. Anayegoma kwa haki hutunza fedha ili siku ya kuamuliwa aziweke mezani zikiwa kamili. Wewe umekula rejesho, kisha unawaita wenzio wezi kwa herufi kubwa.

Halafu huo ukuta! Benki ilikuletea notisi kwenye bahasha, taratibu, jirani hata mmoja hakujua. Wewe ndiye uliyewatangazia, kwa rangi tatu, bila malipo. Dalali atakapokuja hatahitaji kuuliza njia.

Unataka nimkumbushe mkeo asimame nawe. Huyo mama amekesha miaka akipokea watoto wa watu, na jasho lake lote la kazi limekuwa hizo kuta. Mama yake mzazi analala humo. Mchuma janga hula na wa kwao, nawe umewachumia wanawake wawili ambao hawakukukosea kitu. Hakuacha kusimama nawe. Hukumwambia kwamba kuna vita. Eti hukutaka kumpandisha presha. Presha yenyewe kaisoma ukutani, mfuko wa sokoni mkononi.

Sasa nisikilize, na usinipinge kama ulivyozipinga faini. Leo hii nenda kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Usigonge kwa fujo, usiingie. Vuta kiti, kaa nje, uwaeleze mkeo na mama mkwe wako yote uliyoyafanya tangu siku ya foleni, bila kumtaja meneja hata mara moja. Wakikutukana, nyamaza. Mashine iuze kesho, hata kwa hasara, si unajua hasira ni hasara. Fedha hizo mzipeleke benki wewe na mkeo, kwa afisa yuleyule, mwombe mpange upya malimbikizo kwa kiasi mnachokimudu kweli. Mwachie mkeo azungumze. Mtake akupeni kwa maandishi kwamba mnada umesimamishwa, na msiondoke bila karatasi hiyo. Wakikataa, au kama dalali ameshapewa kazi, tokeni hapo moja kwa moja hadi kwa wakili wa msaada wa kisheria.

Malalamiko ya faini iliyokatwa mara mbili yaandikie barua yake, uambatishe taarifa ya akaunti, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikupuuza, ipeleke ofisi inayosimamia mabenki. Huenda ukarudishiwa, na itakuwa hela ndogo. Chukua, sema asante, nenda nyumbani.

Radhi ya meneja isahau. Kuna mtu anayestahili radhi kuliko wewe, naye yuko nyuma ya komeo, anakupikia.

Umebaki ukuta. Upake rangi nyeupe mwenyewe, mchana, majirani wakiangalia. Nyekundu huchungulia, unalijua hilo kuliko mimi, kwa hiyo rudia mpaka ikome. Ukimaliza, mkono ukikuwasha kuandika, uweke mfukoni. Herufi zako nzuri hazijawahi kumzuia dalali, na huyo atakayeinunua nyumba ataanza kwa kuzifuta.