Nyumba Yenye Jina la Mungu

Jumapili, 15 Juni 2025
Leo Mwinjilisti Fredrick katufundisha majina. Eti "Eli" ni neno la kale la huko kwa akina Abrahamu, maana yake mungu. Lilikuwepo hata kabla Biblia haijaandikwa. Watu wakalibandika kwenye watoto wao: Danieli, Samweli, Mikaeli. Na mimi! Ezekieli — Mungu hutia nguvu. Nikanyoosha mkono: mbona magoti yangu hayajapata taarifa? Kanisa zima likacheka. Melkiori, mzee wa kanisa, hakucheka. Huyo hata meno yake ya bandia hayacheki.

Nikauliza na jina la marehemu mke wangu, Emiliana. Eti la Kirumi, Mungu hayumo. Haya! Yeye aliyesali mpaka magoti yakaota sugu hana Mungu, mimi ninayesinzia kwenye mahubiri ninaye. Miaka minne tangu tumzike. Angekuwepo ningemtania njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumatatu, 16 Juni
Nimepepeta alizeti. Nimeongea na kuku.

Jumatano, 18 Juni
Gaspari karudi na fuso lake toka Shelui. Kasimama uani, shikamoo, kisha anazungukazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Sema basi! Kristina kajifungua huko. Wa kiume. Mwezi sasa. Jina lake Ismaili.

Binti yangu wa pekee. Na habari naipata kwa dereva wa fuso.

Kosa langu. Miaka tisa iliyopita alipoolewa na Shabani, Mwislamu, muuza matairi, niliapa mbele ya watu: sitakanyaga nyumba isiyo na jina la Mungu wangu. Nilitaka na kuchekesha kidogo. Hakuna aliyecheka. Kwenye msiba wa mama yake alikuja peke yake, akalia, akaondoka bila kula kwangu. Wajukuu wawili wakubwa sijawaona. Kila mwaka nawakadiria urefu, napiga alama za mkaa kwenye mwimo wa mlango.

Alhamisi, 19 Juni
Nimemfuata Fredrick shambani kwake. Hilo la Ismaili — Eli yumo? Yumo, kasema. Ndiye Ishmaeli wa kitabu cha Mwanzo. Mungu husikia. Kwa hiyo nyumba ile ina jina la Mungu? Kaegemea jembe, kaniangalia weee.

"Mzee Ezekieli, kama unataka kwenda kwa mwanao, nenda. Usimsumbue Mungu kwa herufi."

Kijana huyu ananijua vibaya. Nikamwambia kiapo hakijavunjika. Kimepinda tu.

Ijumaa, 20 Juni
Nimepiga pasi koti la harusi. Nimeunguza mkono mmoja. Wa koti.

Jumamosi, 21 Juni — Shelui
Naandikia kwenye benchi, nje kwao, mikono ipate kazi.

Asubuhi Gaspari alinipakia. Nimebeba jogoo, mzima — wamchinje wenyewe kwa taratibu zao. Njiani nikatunga utani kumi na mbili wa kuingilia. Nyumba ni ya bati jekundu, matairi yamepangwa mbele. Msichana wa miaka kama saba alikuwa anafagia. Shikamoo babu. Marahaba. Akauliza: wewe nani?

Utani wote ukayeyuka. Nikasema: Ezekieli.

Akatupa ufagio, akakimbilia ndani. Mama! Kuna Ezekieli nje, ana jogoo! Humo ndani mwiko ukaacha kugonga sufuria.

Mrefu kuliko alama yangu ya mlangoni. Vidole vinne hivi.

Nimekaa sana. Kivuli kilikuwa kwenye benchi, sasa kiko kwenye matairi. Hakuna anayetoka. Gaspari amesema atapita saa tisa kunichukua, kama itabidi.

Mtoto mchanga kalia. Kristina anambembeleza — kwa Kinyiramba! Wimbo wa Emiliana. Na pale mama yake alipokuwa anakosea maneno, naye anakosea palepale. Jogoo kanyamaza. Mimi nimeuma kofia.

Msichana katoka tena. Hanitazami, anabana kicheko.

"Mama kasema jogoo aingie kwanza."

Ha! Kristina huyo ni wangu. Huyo hakuokotwa!

Jogoo kaingia. Mlango haujafungwa —