Chumba cha Jina Moja

Chumba Namba 14,
Hoteli ya zamani, karibu na stesheni,
Dodoma Mjini.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Joel,

Mbukwa, na salamu nyingine zifuate. Hujambo wewe? Hajambo mkeo Anitha? Na Brighton wangu, meno ya mbele yameshaota? Baridi ya huko Kanada siiwezi hata kuiwaza, ila na huku Juni hii upepo unakwangua midomo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, na hapa ngazi ni nyingi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu, kila nikifika kwenye jambo lenyewe, mtandao wako huwa mbaya. Karatasi haikatiki katikati.

Kwanza asante kwa hoteli. Wameikarabati vizuri. Milango ni ileile mizito ya mbao, wameipiga msasa na vanishi, na sakafu nyekundu inang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Kitandani kuna mito minne, na kichwa changu ni kimoja. Jana asubuhi niliamka nikatandika, nikafagia, nikaanika taulo dirishani. Binti wa usafi alipoingia aliniuliza kwa woga kama kuna kosa amelifanya. Nikamwambia hapana mwanangu, ni mazoea tu ya mtu anayeishi peke yake.

Kwenye chumba cha kulia nilijiaibisha zaidi. Nilipoingia nilipita meza kwa meza nikisalimia, kama tunavyofanya kwetu Bahi, maana utakaaje kula na watu ambao hujawajulia hali? Vijana wawili wa semina, wenye vitambulisho shingoni, waliniangalia mikononi, kisha mmoja akasema, "Asante mama, hatununui." Miaka thelathini na mbili nimefundisha watoto adabu, Joel, halafu naonekana mchuuzi wa karanga. Nilikwenda kukaa pembeni nikawapa mgongo. Mlenda wanao siku hizi, wanauleta kwenye kibakuli kidogo kama dawa.

Aliyenitoa unyonge ni mhudumu mmoja mtu mzima, anaitwa Zaidi, mtu wa Kondoa. Alikuja akaitikia salamu yangu moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Nilipomwambia kwamba mama yetu alikuwa akipanda treni na matenga ya kuku kuja kuwauzia wapishi wa hapa, alinipeleka nyuma, kwenye mlango wa jikoni. Kile kizingiti bado kipo. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa pale kumsubiri, wewe unanusa vitunguu vinavyokaangwa mpaka unameza mate? Ulisema ukikua utamwingiza mama kwa mlango wa mbele. Nilisimama pale nikalia kidogo. Zaidi akajifanya anapanga sahani.

Sasa jambo lenyewe.

Uliniambia umekosa likizo dakika ya mwisho, kwamba vyumba viwili vimeshalipiwa, basi niende nikapumzike peke yangu. Ijumaa nilipofika mapokezi nilimwambia yule binti kwamba chumba cha ndugu yangu wampe mtu mwingine, kisikae bure. Akatazama kompyuta yake, akatazama tena. Akasema chumba ni kimoja, jina ni moja, Lydia, na imekuwa hivyo tangu mwezi wa tatu.

Nikamwambia basi nimechanganya mambo. Nikachukua begi langu nikapanda ngazi.

Iliniuma, Joel. Nilikuwa nimeshakutandikia kitanda nyumbani, nimeshatwanga uwele, nimeshawatangazia majirani. Na wewe wakati wote huo ulijua huji.

Na sababu naijua, usijisumbue kuitafuta. Mama ulimzika kwa simu. Binamu yetu Marko ndiye aliyekushikia ile simu, akaiinua mno, ukaishia kuona anga tu. Miaka miwili sasa hujaja kuhani, na unajua ukifika nyumbani utapelekwa kaburini kwanza, kabla hata hujapewa maji. Hicho ndicho unachokikimbia. Huko unawalisha na kuwaogesha wazee wa watu kila siku, halafu unashindwa kusimama mbele ya mama yako. Sikuchambi, mdogo wangu. Hata mimi nilichukua miezi kabla ya kwenda kule bila mtu wa kunishika.

Lakini siwezi kukusubiri daima. Mjomba Nathanaeli amesema vitu vya mama vigawiwe tarehe 24 Agosti, baada ya mavuno. Mara mbili nimemwomba asogeze siku kwa ajili yako, na mara hii amekataa. Sanduku la mama bado limefungwa, ufunguo ninao. Mimi sitaki kulifungua na wajomba peke yao, wakati mtoto wa mwisho hayupo. Likishafunguliwa na vitu vikatawanyika, hakutakuwa na kilichobaki cha kutuita sisi wawili nyumbani. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jana jioni bendi ilipiga uani, rumba za zamani zile mama alizokuwa akizicheza na ufagio mkononi. Watu walijaa, walipendeza, walicheka. Nilikaa na soda yangu ya tangawizi kwenye meza ya watu wawili. Kijana mmoja akaja akashika kiti cha pili, akauliza kama kina mtu. Nikasema kina mtu. Akaja mwingine, nikasema kina mtu. Mpaka bendi inafunga vyombo nilikuwa nakilinda kiti kitupu, na nadhani hata Zaidi alishaelewa.

Usinikodie chumba tena. Panda ndege, uje nyumbani. Ukiona aibu kupita mbele ya watu, pitia mlango wa uani, sitakuuliza neno. Nitajifunga kanga, nitakushika mkono, twende wote kaburini.

Nisalimie sana Anitha, mwambie vitenge nilivipata. Brighton mbusu, mwonyeshe picha ya bibi yake. Mjomba Nathanaeli na Marko wanakusalimu, ingawa mjomba amekununia. Mungu wa mama yetu akulinde kazini na njiani, hasa njiani.

Wewe ulinidanganya kuhusu chumba, na mimi nimewadanganya watu kuhusu kiti. Uongo wako nimekusamehe. Wangu ni wewe tu wa kuufuta, kabla ya tarehe 24 Agosti.

Dada yako anayekupenda hata akikasirika,
Lydia