Simu Yako Iko Mezani Kwangu

Mave, rafiki yangu,

Kwenye mradi wetu wewe hujafa. Naanza na hilo kwa sababu humu bironi, ofisini kwetu, sina wa kumwambia.

Baada ya maziko, shefu, mkuu wetu wa mradi, alimtuma mtu kwa mama yako, kule kambini mlikokimbilia vita, achukue vifaa vya mradi: buti, ndoo ya kumwagilia, na ile simu mliyopewa ninyi wa kitalu cha miti ili serikali iweze kuwafuatilia. Mama yako alikuwa ameziosha buti. Nilizipokea mimi, nikaziweka stoo, nikatoka nje kulia.

Sasa ripoti inadaiwa. Wizara inataka kila kijana aliyefundishwa kazi za kijani awekwe mahali: anafanya kazi, anatafuta, au ameacha. Aliyekufa hana mahali. Nilimwuliza shefu nikuweke wapi. Hakuinua hata macho. Alisema walioacha ni wengi mno, ukiongezeka wewe watatufungia mradi.

"Wakati alikufa, alikuwa anatumika kazi, si ndiyo? Basi iko kazini."

Unakumbuka ulivyolicheka hilo jina la kazi za kijani? "Siye ba Djugu tulilima tangu zamani, hakuna mutu aliita ile kijani." Halafu ukanivuta nikusaidie kupanda miche, nikateleza, sketi yangu ya biro ikajaa tope la kitalu chenu cha Mudzipela, nawe ukacheka mpaka ukajishika tumbo.

Kuna baya zaidi. Kesho mkaguzi wa serikali atawapigia simu wote walioandikwa kuwa kazini. Shefu ameiweka simu yako mezani kwangu. Anasema sauti zetu zinafanana, niipokee kana kwamba ni wewe. Leo alinifanyisha mazoezi mbele ya wenzangu, yeye akijifanya mkaguzi. Niliogopa, Mave. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na wadogo zangu wanakula kwa mshahara huu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni vile ulivyokuwa ukipokea simu siku zote:

"Sema mbio, niko na matope mu mikono."

Wakacheka. Mhasibu akapiga makofi, yeye aliyekuja kwenye matanga yako akala sahani mbili. Shefu akasema, "Ni yeye kabisa. Kesho usibadilishe kitu."

Nikavuta karatasi, nikaanza kukuandikia. Nao wako humu bado, wanakunywa chai.

Niliwaza kuizima simu. Haitasaidia, shefu atakaa kando yangu. Huenda sauti ikakatika. Lakini nakuahidi: nitajibu kwa sauti yangu, nitataja jina langu, kisha nitamwambia yule mkaguzi kwamba umekufa kwa homa, na kwamba mama yako yuko kambini, aende akamwulize. Wakinifukuza, nitawaeleza wadogo zangu mwenyewe.

Kwaheri, Mave. Pumzika. Hakuna atakayekufanyisha kazi tena.

Mwenzako,
Neema