Mgeni wa Alhamisi

12 Januari

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini u mzima na goti limepunguza kuuma. Mimi na mke wangu hatujambo, ila kazi tu.

Mapazia uliyonishonea yamefika. Niliyatundika jioni ileile, na majirani wakaanza kuja mmojammoja kuuliza nani kashona. Huku mtaani kwetu kila kitu kina utaratibu: rangi ya mapaa, urefu wa ua, hata mahali pa kuanika nguo. Zamani palikuwa malisho ya ng'ombe. Kampuni iliyojenga mtaa huu ilipolinunua shamba ilichora barabara, mitaro na shule kabla haijajenga hata choo, ndiyo maana mvua ikinyesha hatuogelei kama huko kwenu. Maji hayakatiki, na watoto wanaendesha baiskeli bila kuogopa gari. Sasa kamati ya wakazi, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, imeamua madirisha yote ya mbele yawe na mapazia kama yako. Utashona mpaka uchoke.

Lakini sikuandika kwa ajili ya mapazia. Tangu Baba afariki unaishi peke yako, na mimi silali vizuri. Chumba cha chini ni chako, hakina ngazi. Njoo ukae nasi, Mama.

Mwanao, kitindamimba wako


3 Februari

Kwa mwanangu,

Marahaba, baba. Mimi mzima, goti ndilo halijapata habari hiyo. Msalimie mkeo.

Nyumba sare, mapaa sare, na sasa mapazia sare. Naona mmehamia bweni. Lakini mzigo wenu wa mapazia nimeshautuma, msije mkanifukuza kwenye kamati.

Mara zote ulizoniita nilikataa, nikihofu kuwa mzigo kwa mkeo. Sasa nimechoka na ukimya. Naongea na cherehani, na siku nyingine naona kama inanijibu. Nakuja, mwanangu. Kuku wangu nimempa jirani. Nitafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Msihangaike kupika, mama si mgeni.

Mama yako


1 Machi

Kwa Mama,

Shikamoo. Kwani unaumwa? Jumamosi tulikusubiri kituoni tangu asubuhi mpaka basi la mwisho. Mke wangu alipika kama tuko kumi. Ulikataa simu niliyotaka kukununulia, sasa ona tunavyohangaika.

Getini nimeacha maagizo, wakikuona tu wakufungulie. Walinzi wetu wako makini. Alhamisi iliyotangulia walinipigia kazini, eti mfagiaji mmoja kakutwa kwenye baraza ya nyumba ya watu na anadai ni mama yangu. Nilicheka. Nikawaambia huyo si mama yangu, mama yangu anakuja Jumamosi, mtoeni nje. Matapeli wa siku hizi hawana haya.

Niandikie hata mstari mmoja, roho yangu itulie.

Mwanao


20 Machi

Kwa mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza napandwa na hasira, na sitaki kukuandikia kwa hasira.

Mfagiaji yule ni mimi.

Nilitangulia siku mbili ili mkeo asisumbuke. Unanijua, sijawahi kufika mahali siku niliyosema. Geti kuu wakaniambia mgeni asiyeandikishwa angoje pembeni, na jua linachoma, na goti linawaka moto. Wanawake wanaofagia barabara wakanionea huruma. Wakanivisha kizibao chao, wakanipitisha mlango wa nyuma. Nilicheka njia nzima kama mtoto mtoro.

Nikatafuta mapazia yangu. Nikayaona kwenye dirisha la kwanza, nikajua nimefika. Sijui akili yangu ilikuwa wapi, maana ya mtaa mzima niliyashona mimi. Nikafagia baraza, nikaanua nguo, nikaanza kuzikunja. Nilikuwa nimefika kwenye soksi mwenye nyumba alipotokea.

Walinzi hawakunionea. Walinipa kiti, wakakupigia, wakaiweka simu sauti ya juu ili na mimi nisikie. Ningeita tu, ungenijua. Lakini ulisema huyo si mama yangu kwa uhakika, mpaka mdomo wangu ukajifunga. Halafu ukacheka. Kicheko chako nakijua tangu huna meno, baba, ila sikuwahi kukisikia kikinicheka mimi.

Najua hukujua. Kichwa kimeelewa, moyo umegoma. Hukuuliza ni mtu mzima wa namna gani, wala kama anachechemea. Ulisikia mfagiaji, ikakutosha. Na angekuwa mfagiaji kweli, si ni mama wa mtu? Sikukulea hivyo, na hilo ndilo linaniliza.

Huko sitakuja kuishi. Na wewe usije kwanza. Ukija utalia, na mimi sikuwezi ukilia, nitakusamehe haraka wakati bado naumia. Nikiwa tayari nitakuandikia.

Ni mimi,
mama yako